Kiyoyozi cha BTU ngapi kinatosha kwa nyumba ya bati hapa Mtwara?

Mwalimu wa Shangani

Wakubwa shikamooni, na rika langu nawasalimu. Nimemaliza kujenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Shangani, na kabla kaskazi haijaanza kututesa ningependa kufunga viyoyozi vya ukutani, vile vyenye mashine moja ndani na nyingine nje, zilizounganishwa kwa mabomba ya shaba. Fedha nimeziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili, kwa hiyo sina nafasi ya kukosea halafu nikanunua tena.

Kinachonitatiza ni ukubwa. Muuzaji mmoja alinishauri nichukue BTU 18,000 kwa kila chumba cha kulala na 24,000 kwa sebule, akisema kwamba mashine kubwa hupoza haraka na kwa hiyo haichoki. Fundi aliyenitandazia nyaya za umeme anasema 12,000 inatosha kila mahali, hata sebuleni. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam ana 9,000 chumbani kwake na anaapa kwamba hujifunika blanketi. Watu watatu, majibu matatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika futikamba akapima chumba.

Mimi nimepima. Chumba chetu mimi na mke wangu kina mita 4 kwa 4.2, na dirisha lake kubwa la alminiamu linatazama magharibi, kiasi kwamba jua la kuanzia saa tisa alasiri linafika hadi kitandani. Chumba cha mama yangu, ambaye umri wake umekwishavuka miaka sabini na ndiye hasa aliyenifanya nilifikirie jambo hili, kina mita 3 kwa 3.6; kiko upande wa kusini-mashariki na nje yake upo mwembe wa jirani. Sebule imeungana na sehemu ya kulia chakula, zote pamoja ni mita 5 kwa 7, kisha inafunguka kwenye korido isiyo na mlango. Kimo cha dari ni mita 3 kila mahali. Dari ni ya jipsamu, juu yake kuna mbao na bati la rangi ya maruni, na katikati hakuna kitu kingine. Kuta ni za matofali ya saruji.

Kwa sasa tunatumia uniti kama 70 za umeme kwa mwezi. Naomba mwenye ujuzi anieleze ukubwa unaofaa kwa kila chumba, na zaidi ya hapo anieleze hesabu yenyewe inavyofanyika, ili muuzaji wa nne akinijia na jibu la nne niweze kumuuliza maswali yanayostahili.

Mchuuzi wa Samaki, Lindi

Mwalimu, mimi sina utaalamu wa kupiga hesabu hizo, lakini nina kovu, nami nitakuonyesha kovu lenyewe.

Miaka miwili iliyopita nilinunua mashine ya BTU 18,000 kwa ajili ya chumba changu cha kulala hapa Lindi mjini, chumba ambacho hakizidi mita 3 kwa 4. Niliinunua kwa sababu bei yake ilikuwa imepunguzwa, na muuzaji alinipa maneno yale yale uliyopewa wewe. Chumba kilipoa ndani ya dakika kumi na nilijiona mjanja. Mashine ikajizima. Baada ya dakika chache ikawaka, ikajizima tena, na ikaendelea hivyo usiku kucha, kila mara ikiwaka kwa kishindo kinachomwamsha mtoto. Baridi ilikuwapo, tena nyingi, lakini shuka zilikuwa kama zimeanuliwa kabla hazijakauka. Ilipofika Machi nguo za kabatini zilikuwa zimeota ukungu, viatu vya ngozi vimekuwa na rangi ya kijani, na kurasa za vitabu alivyoniachia marehemu baba zimejikunja.

Niliamini mashine ni mbovu. Fundi mmoja alikuja mara mbili akaongeza gesi na kunitoza fedha mara zote mbili, ingawa baadaye niliambiwa kwamba gesi haikuwa imepungua hata chembe. Mtu wa tatu ndiye aliyeniambia kwamba mashine ni nzima kabisa, ila ni kubwa mno kwa chumba kile. Niliihamishia sebuleni, ambako inafanya kazi vizuri hadi leo, na chumbani nimefunga ya 9,000. Nguo haziozi tena.

Fundi Majokofu

Mwalimu, nimekuwa nikifunga na kutengeneza majokofu na viyoyozi katika mikoa hii miwili kwa muda mrefu, na ningependa kuanzia pale alipoishia ndugu yetu wa Lindi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi kina kazi moja tu ya kupoza. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kushusha joto la hewa, na ya pili ni kuikamua hewa hiyo maji iliyoyabeba. Hewa ya chumbani hupita kwenye mapezi baridi ya mashine ya ndani, mvuke uliomo hugeuka kuwa matone, na matone hayo hutiririka kwa bomba dogo hadi nje. Kila lita moja ya maji unayoiona ikidondoka pale nje imeigharimu mashine BTU 2,300 hivi. Ukitaka kuhakikisha, mwombe jirani mwenye kiyoyozi akuruhusu uweke ndoo chini ya bomba lake kwa saa moja. Ukikuta lita moja na nusu, ujue kwamba karibu BTU 3,500 za saa hiyo zimetumika kukausha tu, na hazikukishusha kipimajoto hata kidogo. Katika pwani yetu kazi hiyo ya pili ni sehemu kubwa ya shughuli nzima, na asiyeihesabu hukosea kwa pande zote mbili.

Kukausha kunataka muda. Mapezi yanapaswa kubaki baridi mfululizo ili matone yakusanyike na kutiririka. Mashine iliyo kubwa kupita kiasi hukifikisha chumba kwenye nyuzi ulizoweka kabla maji hayajatoka, kompresa, yaani ile pampu ya kusukuma gesi iliyo kwenye mashine ya nje, hujizima, feni ya ndani huendelea kupuliza, na matone yaliyobaki kwenye mapezi hurudi hewani. Hizo ndizo shuka mbichi za mchuuzi wetu. Isitoshe, kompresa ya kawaida huvuta umeme mwingi zaidi kila inapoanza, kwa hiyo kuwaka na kuzima mara ishirini usiku mmoja ndiko kuchoka kwenyewe. Muuzaji wako amesema kinyume.

Sasa namba. BTU ni kipimo cha joto, na ile iliyoandikwa kwenye boksi ni joto ambalo mashine huweza kuliondoa kwa saa moja. BTU 12,000 huitwa tani moja, na neno hilo limetoka zama za barafu: ni joto linaloyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani pauni 2,000 au kilo 907 hivi, kwa saa 24. Ndugu mchuuzi, ambaye bila shaka hununua barafu ya kuhifadhia samaki, atanielewa haraka zaidi nikisema kwamba ni sawa na kilo 38 za barafu kuyeyuka chumbani kila saa. Madukani utasikia pia hospawa: moja ni kama 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Hiyo ni desturi ya sokoni tu. Wewe soma BTU.

Namba hiyo hupimwa kiwandani hewa ya nje ikiwa na nyuzi 35 na ya ndani nyuzi 27. Mchana wa kaskazi hapa Mtwara, hewa ya kivulini huwa kwenye nyuzi 31 au 32, kwa hiyo mashine nzima haina sababu ya kushindwa kutoa namba yake. Watu wanapolalamika kwamba viyoyozi havipozi kwetu, mara nyingi kosa liko juu ya vichwa vyao. Mji wetu uko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa na utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari, na katikati ya tarehe hizo halisogei mbali. Kuta hulipata jua asubuhi na jioni, lakini bati hulipokea lote la mchana kwa msimu mzima wa joto. Bati la maruni huwa la moto kiasi cha kutoweza kuligusa, hewa iliyofungiwa darini hugeuka tanuri, na ile jipsamu nyembamba huendelea kuteremsha joto hilo hadi saa nne za usiku, wakati ambapo wewe unataka kulala.

Ndiyo maana kanuni inayosambaa sana mtandaoni haitufai. Kanuni hiyo ya Marekani inasema BTU 20 kwa kila futi ya mraba, ambazo ni kama BTU 215 kwa mita ya mraba. Chumba chako kikubwa, ambacho ni mita za mraba 16.8, kingehitaji BTU 3,600 tu. Haikutungwa kwa ajili ya bati tupu; imetungwa kwa nyumba zilizojazwa vihami joto darini na ukutani, na ambazo madirisha yake yakifungwa yamefungwa kweli.

Mimi huanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kimo kikiwa mita 3 na watu wakiwa wawili. Kama juu ya chumba kuna zege lililofunikwa na ghorofa nyingine, au kuna kivuli cha kudumu, hushuka hadi 500 au hata 450. Dirisha kubwa la magharibi huongeza sehemu moja ya kumi, na kila mtu wa ziada huongeza 600. Hizi ni namba za uzoefu wa kazi, si amri, na anayezitumia lazima akione chumba kwa macho.

Tuzitumie kwako. Chumba chenu: 16.8 mara 600 ni 10,080, ongeza sehemu ya kumi kwa sababu ya magharibi, unapata kama 11,100. Hapo ni 12,000, na fundi wako wa umeme alisema kweli ingawa hakupima. Chumba cha mama: mita za mraba 10.8 mara 600 ni 6,480, na ule mwembe unaipunguza zaidi. Ukubwa mdogo unaopatikana kwa urahisi madukani ni 9,000, kwa hiyo chukua huo, lakini uwe wa inveta. Kiyoyozi cha inveta hakiwaki na kuzima. Kompresa yake hupunguza mwendo chumba kinapokaribia nyuzi zilizowekwa, na huendelea kufanya kazi polepole huku ikikausha hewa. Kwa chumba kidogo cha mtu mzee, ambacho hata 9,000 ni kubwa kidogo, tofauti hiyo ataisikia kwenye viungo vyake.

Sebule ndiyo yenye ugomvi. Mita za mraba 35 mara 600 ni 21,000. Wakikaa watu sita, wanne wa ziada wanaongeza 2,400. Hadi hapo ni 23,400, na ile 24,000 ingetosha kwa taabu kama sebule ingekuwa na mipaka. Yako haina. Korido isiyo na mlango ni chumba kingine ambacho mashine italazimika kukipoza bila wewe kukusudia. Hata ikiwa na mita za mraba 8 tu, hesabu inapita 28,000. Ama uweke mlango pale, ama usifunge kiyoyozi sebuleni kabisa. Ukiweka mlango, mimi ningefunga mbili za 12,000 katika kuta mbili tofauti badala ya moja ya 24,000: siku mkiwa wawili mnawasha moja, na moja ikiharibika hamkosi zote.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Nimeyasoma ya Fundi na nimeyakubali, isipokuwa jambo moja nitakalolisema mwishoni.

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani, ya ghorofa moja. Vyumba vitatu viko chini, chini ya zege, na vitatu viko juu, chini ya bati. Ukubwa wake ni mmoja, madirisha ni mamoja, na nilipoanza nilifunga viyoyozi vya aina moja vya 9,000 katika vyumba vyote sita. Wageni wa chini walikuwa wakiomba blanketi. Wageni wa juu walikuwa wakija mapokezi saa tatu usiku kuniuliza kama kiyoyozi kimeharibika. Nilitaka kubadilisha vile vitatu vya juu na kuweka 12,000, na fedha nilikuwa nimekwishazitenga, ndipo kijana mmoja seremala aliponishauri nipande naye darini saa nane mchana. Sikumaliza dakika mbili kule.

Tulifanya mambo matatu. Tulitoboa matundu yenye wavu chini ya mapaa na mengine kwenye pembe za juu za kuta za mwisho, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Tulitandaza blanketi la kuhami joto juu ya dari. Na bati tulilipaka rangi nyeupe. Gharama yote kwa vyumba vitatu ilikuwa ndogo kuliko bei ya kiyoyozi kimoja kipya. Vile vya 9,000 viko mahali pake hadi leo, na hakuna mgeni anayekuja mapokezi. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, au walioezeka kwa makuti, hawakuwa na haja ya somo hili. Sisi tulilipenda bati kwa sababu halivuji, tukasahau kuuliza lina tabia gani nyingine.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, shughulika na dari kwanza, kisha ndipo upige hesabu ya Fundi upya. Huenda hata chumba chenu kikashuka hadi 9,000.

Nisilokubaliana nalo ni viyoyozi viwili vya sebuleni. Nyumba ya Shangani inapata upepo wa bahari. Sebule ni mahali pa kupita watoto, wageni, mtu wa maji na jirani wa kuomba chumvi, mlango haufungwi. Weka mafeni mawili mazuri ya darini na madirisha yanayotazamana, na fedha hizo zipeleke darini.

Fundi Majokofu

Bi Mkubwa, shikamoo. Kuhusu sebule nakubali kushindwa, na kwa kweli ningefurahi watu wengi zaidi wangekuwa na msimamo huo, hata kama ungeninyima kazi. Kuhusu chumba kikubwa kushuka hadi 9,000, hapo nitasimama kidogo. Kihami joto cha darini kitaliondoa joto la bati, lakini hakitaligusa lile dirisha la magharibi wala unyevu. Ukichukua BTU 500 kwa mita ya mraba badala ya 600, unapata 8,400, na ukiongeza sehemu ya kumi ya dirisha unafika 9,240. Kwa hiyo 9,000 itakuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote jioni nzima. Inawezekana endapo Mwalimu ataweka kivuli nje ya dirisha, kibaraza au hata mapaa ya makuti, kwa maana pazia la ndani huzuia mwanga lakini joto limekwishaingia. Asipoweka kivuli, abaki na 12,000 ya inveta.

Mhasibu wa Masasi

Naomba niongezee upande wa LUKU, kwa sababu Mwalimu ametaja uniti 70 kwa mwezi na sidhani kama ametambua maana yake.

Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi huwa katika daraja la matumizi madogo, ambalo kwa viwango nilivyolipa mimi ni shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Akizoea kupita kiwango hicho huhamishiwa daraja la kawaida, ambalo ni shilingi 356 hivi, yaani elfu kumi hupata uniti 28 kabla ya kukatwa kodi ya jengo. Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kwamba bei hiyo mpya inahusu uniti zote, zikiwemo zile 70 za friji, taa na pasi zilizokuwapo siku zote.

Tufanye hesabu ya chumba kimoja. Mashine ya kawaida ya 12,000 huvuta kama kilowati 1.1 au 1.2 kompresa ikiwa inafanya kazi. Ya inveta, chumba kikishapoa, huweza kutulia kwenye nusu ya hapo au chini zaidi. Nichukue wastani wa kilowati 0.6 kwa saa nane za usiku: ni uniti 4.8 kwa usiku mmoja, na karibu 145 kwa mwezi. Ukijumlisha na 70 za sasa unapata uniti 215, ambazo kwa shilingi 356 ni kama shilingi 76,500. Leo hii kwa uniti zako 70 unalipa 8,540. Na hapo bado sijakigusa chumba cha mama.

Sisemi usifunge. Nasema kwamba bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu, na kwamba hesabu ya BTU na hesabu ya LUKU ni hesabu moja: kila BTU unayoizuia kule darini kwa rangi nyeupe na matundu ya hewa huilipi tena mwezi hadi mwezi. Kwa chumba kinacholaliwa kila usiku, inveta hurudisha tofauti ya bei yake. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa mara mbili kwa mwaka, chukua ya kawaida, usijisumbue. Vilevile weka rimoti kwenye nyuzi 25 au 26 na uache feni ikizunguka polepole. Hewa ikiwa kavu, nyuzi 26 ni starehe tosha. Mtu anayeweka 16 hapati baridi haraka zaidi, bali anaiamuru mashine isipumzike.

Mwalimu wa Shangani

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Bi Mkubwa, kwa maana jana saa nane mchana nilipanda darini kwangu na kushuka mara moja. Sikujua kwamba nimejenga tanuri juu ya kitanda cha mama yangu.

Nimeamua hivi. Matundu ya hewa na blanketi la darini yataanza, na seremala amekwishakuja kupima. Chumba cha mama kitapata 9,000 ya inveta kabla ya Novemba. Chumba chetu kitasubiri hadi kibaraza cha magharibi kikamilike, halafu nitapima joto lake kwa wiki moja ndipo nichague kati ya 9,000 na 12,000. Sebule ni mafeni. Kuhusu ule mwembe, nimekwenda kumsalimia jirani na kumwomba asiukate. Amecheka sana, lakini amekubali.

Limebaki swali moja kwa Fundi. Kutoka ukutani kwangu hadi baharini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na viyoyozi vya majirani naviona vimeliwa na kutu. Je, niongeze ukubwa ili mashine ikizeeka bado itoshe?

Fundi Majokofu

Hapana, Mwalimu, usiongeze ukubwa kwa sababu ya chumvi. Mashine kubwa huliwa sawasawa na ndogo, na tofauti ni kwamba umelipia zaidi kitu kinacholiwa. Chumvi hushambulia mapezi ya alminiamu ya mashine ya nje. Yakishakuwa unga, joto halipati pa kutokea, na ile 9,000 inakuwa 9,000 kwenye boksi tu. Ulizia mashine ambayo mapezi yake yamepakwa kinga tangu kiwandani, mara nyingi huonekana ya dhahabu au ya buluu. Ifungwe upande wa nyumba usiopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari, na nyuma yake ibaki nafasi ya kupitisha mkono, wala usiijengee kibanda kwa kuogopa wezi, kwa sababu itavuta tena hewa yake yenyewe ya moto; kizimba cha nondo kilicho wazi kinatosha. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili izime kwenye swichi kuu na uimwagie maji baridi ya bomba kwa shinikizo dogo. Ya kisima chenye chumvi usiyatumie.

Kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi, weka kifaa cha kinga kinachochelewesha kuwaka kwa dakika tatu hadi tano, ili kompresa isianze kabla shinikizo la gesi halijatulia.

Na siku ya kufunga, kuna jambo moja ambalo ningekuomba ulisimamie mwenyewe. Mabomba ya shaba yakishaungwa, hewa na unyevu uliomo ndani lazima vivutwe kwa pampu kwa muda usiopungua dakika ishirini kabla gesi haijafunguliwa. Wapo wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, wakidai ni njia ya mkato. Gesi hiyo unakuwa umeilipia, unyevu hubaki ndani ukaiharibu kompresa taratibu, na mashine nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto. Fundi akifika bila pampu, mpe maji ya kunywa, kisha mrudishe akaichukue.